Mkono wa Bakteria

Mtoto wa mvuvi kandokando ya Ziwa Viktoria akiugua kichocho hupewa dawa iitwayo prazikwanteli. Kidonge chake ni kikubwa, na uchungu wake hausahauliki upesi. Mtoto mdogo hukitema, mama hukisaga na kumrudishia, na mtoto hukitema tena. Dawa yenyewe ni njema, wala hapana mtu mwenye haki awezaye kuikana sifa yake. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu wapatao milioni 251 walihitaji kinga ya maradhi hayo, na dawa iliyotegemewa ilikuwa hiyo hiyo moja. Walakini ndani ya kidonge cha miligramu 600, miligramu 300 tu ndizo zinazoua minyoo. Miligramu 300 nyingine hazina faida ya kutajika kwa mgonjwa. Kazi yake kubwa ni kukinenepesha kidonge na kukizidishia uchungu.

Jambo hili halikutokana na hila ya muuza dawa. Asili yake ni tabia ya maumbile ambayo wasomi wengi hupita karibu nayo kila siku wasiiamkue. Weka kiganja cha kulia juu ya mgongo wa kiganja cha kushoto, vyote viwili vikitazama chini: vidole vitalingana, lakini gumba moja litakwenda mashariki na la pili magharibi. Mikono miwili ina mifupa sawa, vidole sawa na urefu sawa, na juu ya usawa huo wote mmoja hauwezi kushika mahali pa mwenziwe. Kubazi la mguu wa kushoto si baya. Ni baya kwa mguu wa kulia tu. Ndivyo zilivyo molekuli nyingi zenye kaboni. Mwaka 1874 vijana wawili, van 't Hoff wa Uholanzi na Le Bel wa Ufaransa, kila mmoja kwa njia yake, walionyesha kwamba atomu ya kaboni ikishikana na majirani wanne wasiofanana, majirani hao waweza kupangwa kwa namna mbili, na namna moja ni sura ya nyingine katika kioo.

Mwili wa kiumbe hai haukuumbwa na kuta za ukiwa zinazopokea kila kitu. Protini zake zimejengwa kwa asidi za amino za mkono mmoja, na kwa hiyo kila tundu la mwili lina mkono wake. Emil Fischer alilifananisha jambo hili mwaka 1894 na kufuli na ufunguo. Ufunguo uliochongwa kinyume utaingia kwa shida au hautaingia kabisa, na pengine utaingia katika kufuli lisilo lake na kufungua mlango ambao ulistahili kubaki umefungwa. Mkemia, kwa upande wake, akichanganya dawa zake katika chupa ya kawaida, hupata mikono yote miwili nusu kwa nusu, kwa sababu chupa haina mkono, moto hauna mkono, na asidi ya kawaida haina mkono. Kinachotakiwa ni fundi mwenye mkono. Fundi huyo yupo, ni wa kale kuliko mwanadamu, na jina lake ni bakteria.

Hapa ndipo panapoanza ubishi, maana fundi huyo ana wapinzani wengi katika vyuo, na wapinzani wake si wajinga. Baadhi yao ni walimu wanaoheshimiwa. Hoja zao zastahili kutazamwa moja moja, wala si kwa kejeli, bali kwa mizani.

Hoja ya kwanza hutoka kwa watu wa lugha. Yasemwa kwamba elimu hii haina maneno katika Kiswahili, na kwa kuwa haina maneno haifai kufundishwa wala kujadiliwa kwa Kiswahili. Mwanafunzi na aipokee kwa lugha ya kigeni au aiache. Mtu asemaye hivyo hakuuliza Wazungu wenyewe walilipata wapi neno lao. Lord Kelvin alipotaka kuitaja tabia hii katika mhadhara wake wa Oxford mwaka 1893, Kiingereza hakikuwa na neno. Akaenda kwa Wayunani, akaazima neno lao la mkono, akalivika mkia, na likawa istilahi ya dunia nzima. Hakufanya zaidi ya hapo. Basi ikiwa mwanachuoni wa Glasgow aliuona mkono wa Kiyunani unatosha, kwa nini mkono wa Kiswahili uonekane una kasoro? Tabia hiyo na iitwe umkono. Molekuli yenye tabia hiyo ina umkono, isiyo nayo haina. Iliyochanganyika ni ya mikono miwili, iliyotakaswa ni ya mkono mmoja. Mtoto wa darasa la sita ataelewa kabla mwalimu hajashusha chaki. Umaskini unaolaumiwa hapa si wa lugha. Ni wa wale wanaoogopa kuitumia.

Tena Kiswahili kina neema ambayo Kiyunani hakikuwa nayo. Kwa Mswahili mkono wa kulia ni mkono wa kulia chakula, na habari yenyewe ya umkono ilianza kwa mlaji aliyechagua. Mwaka 1848 Louis Pasteur, kijana wa miaka 25 katika jiji la Paris, alitazama fuwele za chumvi ya asidi itokanayo na mvinyo wa zabibu, akaona kwamba ni za namna mbili, kila moja kama sura ya mwenzake katika kioo. Akazitenga kwa mkono, fuwele moja moja. Alipoziyeyusha katika maji, fungu moja liliupinda mwanga upande wa kulia, la pili upande wa kushoto, kwa kiasi kilekile. Mzee Biot, bingwa wa elimu hiyo ya mwanga, hakusadiki mpaka kijana huyo aliporudia kazi yote mbele ya macho yake. Kisa hiki hutajwa katika kila kitabu. Kisa cha pili, ambacho ni kikubwa kuliko cha kwanza, hutajwa kwa haraka na kusahauliwa. Miaka kama kumi baadaye Pasteur aliona mchanganyiko wa chumvi hiyo ukichachuka, na viumbe vidogo vilivyouchachusha vikila fungu la kulia na kuliacha la kushoto. Alichokitenga yeye kwa jicho kali na subira ya mtawa, kiumbe kisicho na jicho kilikitenga kwa njaa yake. Siku hiyo kazi ya mikono ya mwanadamu ilipata mshindani wake.

Hoja ya pili ni ya madaktari na ya vitabu vya shule. Bakteria, yasemwa, ni adui. Mwanafunzi hukutana naye kwanza katika picha ya kipindupindu, kisha katika kifua kikuu, kisha katika kidonda kilichooza. Tangu hapo humjua kama watu wanavyomjua mwizi, yaani kwa makosa yake. Hapana shaka kwamba yapo makabila ya bakteria yauayo, na anayewatetea hao hana akili. Lakini kumhukumu kila bakteria kwa kosa la wachache ni sawa na kuichoma moto miti yote kwa kuwa mmoja una sumu. Mdharau mwiba mguu huota tende. Na mtu amdharauye bakteria mwema hupata hasara nyingine, ambayo haionekani kama tende la mguu lakini ni kubwa vilevile: huzinunua kwa fedha nyingi huduma ambazo jirani yake alikuwa tayari kumfanyia kwa sukari kidogo.

Ushahidi haupo mbali. Umo katika mtindi. Asidi ya maziwa machachu ilitolewa mara ya kwanza na Carl Wilhelm Scheele wa Sweden mwaka 1780, na ni miongoni mwa molekuli ndogo kabisa zenye umkono. Katika mtindi wa namna ya yogati hufanya kazi bakteria wa jamaa mbili. Mmoja, Streptococcus thermophilus, hutoa asidi ya mkono uleule ambao misuli ya mwanadamu huutoa anapokimbia. Wa pili, Lactobacillus bulgaricus, hutoa asidi ya mkono wa pili. Wote wamo katika chombo kimoja, wanakula sukari ileile ya maziwa, na kila mmoja ana kimeng'enya chake chenye umbo lake, asichobadilishana na mwenziwe. Mtu akitaka asidi ya mkono mmoja tu, hahitaji mtambo wa kutenga, huchagua mfanyakazi. Na asidi hiyo, ikiwa safi kwa mkono wake, huungwa minyororo mirefu ikawa plastiki iwezayo kuoza, ambayo ugumu wake na uvumilivu wake wa joto hutegemea usafi huo wa mkono. Akina mama wanaogandisha maziwa katika vibuyu wameishika kazi hii kwa karne nyingi bila ya kuipa jina. Ni aibu kwa chuo kikuu kuiita kazi hiyo ngeni.

Lakini mtindi waweza kuchekwa kwamba ni chakula tu. Basi itazamwe dawa ambayo haikosekani katika kituo cha afya, mjini wala kijijini: amoksisilini. Dawa hii ina vipande viwili vilivyounganishwa. Kipande cha kwanza ni kiini cha penisilini. Hapo zamani kiini hicho kilikatwa kutoka katika penisilini kwa njia ya kemia tupu, kwa kloridi ya fosforasi na viyeyusho vikali, katika baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Fikiri gharama ya kuifanya nyumba nzima iwe baridi kiasi hicho, na fikiri maji machafu yaliyobaki. Kisha ikapatikana njia ya kimeng'enya cha bakteria Escherichia coli, ambacho hukata palepale panapotakiwa, ndani ya maji, katika joto lililo karibu na la damu ya mwanadamu. Baridi ikaondoka, fosforasi ikaondoka, na viyeyusho vingi vikaondoka pamoja nayo.

Kipande cha pili ndicho chenye somo la umkono. Ni asidi ya amino ya mkono usio wa kawaida, kinyume cha zile zinazojenga protini za mwili. Njia ya kale ya kuipata ilikuwa kutengeneza mikono yote miwili, kuitenga, na kubaki na nusu isiyotakiwa. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Hideaki Yamada wa Chuo Kikuu cha Kyoto na wenzake walionyesha njia bora. Mkemia hutengeneza kwanza pete ya molekuli iitwayo hidantoini, yenye mikono miwili nusu kwa nusu. Pete hiyo ina tabia moja ya ajabu: katika maji yenye magadi kidogo hujigeuza yenyewe, mkono wa kushoto ukawa wa kulia, na wa kulia ukawa wa kushoto, bila ya kukoma. Bakteria hutiwa humo. Kimeng'enya chake huzifungua pete za mkono mmoja tu. Kila pete ya mkono huo inapofunguliwa, nyingine ya mkono wa pili hugeuka kujaza pengo lake. Nayo ikishageuka hufunguliwa. Mwisho wake mchanganyiko wote hupitia mlango mmoja. Hapana nusu iliyotupwa. Kimeng'enya cha pili, kiwezacho kupatikana kwa bakteria wa udongoni wa jamaa ya Agrobacterium, humaliza kazi kwa kukata kipande kilichozidi.

Katika habari hiyo limo jambo ambalo mtunga ngano angeogopa kulibuni. Penisilini huwaua bakteria kwa sababu umbo lake linafanana na kipande cha ukuta wao, na kipande hicho kimejengwa kwa asidi ya amino ya mkono huo huo usio wa kawaida. Basi bakteria ndiye anayefua upanga, na bakteria ndiye anayekatwa nao. Mwenye kusema kwamba bakteria ni adui tu, na azingatie kwamba kila mara anapomeza amoksisilini iliyotengenezwa kwa njia hii, ameponywa na adui huyo.

Hoja ya tatu ni ya wakemia, nayo ndiyo yenye nguvu. Wasema: bakteria ni kibarua dhaifu. Hutaka maji, ilhali dawa nyingi haziyeyuki katika maji. Hufa kwa joto, hufa kwa kiyeyusho, huchoka upesi, na hukataa kila kitu kisichofanana na chakula chake cha asili. Madini ya thamani hayachagui hivyo. Tena wana mashahidi watukufu: William Knowles, aliyetumia rodiamu kutengeneza levodopa, dawa ya wenye maradhi ya kutetemeka, kwa mkono mmoja, na akapata Tuzo ya Nobel mwaka 2001 pamoja na Ryoji Noyori na Barry Sharpless.

Kazi ya Knowles ni tukufu kweli, na hapana haja ya kuipunguza ili kumkuza mwingine. Lakini levodopa hiyo hiyo ilipata pia njia ya bakteria. Huko Ujapani bakteria aitwaye Erwinia herbicola alitumiwa kuiunga kwa hatua moja kutoka katika katekoli, piruvati na amonia, na njia hiyo iliingia kiwandani katika miaka ya 1990. Kuhusu uchovu, jibu lilitolewa zamani zaidi. Mwaka 1973 kampuni ya Tanabe, chini ya uongozi wa Ichiro Chibata, iliwafunga bakteria wa Escherichia coli ndani ya utando wa plastiki laini, ikawapanga katika mnara, na kuyapitisha maji yenye fumarati ya amonia juu yao. Chini ya mnara yakatoka maji yenye asidi ya aspatiki ya mkono mmoja. Bakteria hao walifanya kazi kwa miezi wakiwa mahali pamoja, bila ya kuchanganyika na mali waliyoitengeneza. Mwaka 1978 utando wa plastiki ulibadilishwa ukawekwa utomvu wa mwani uitwao karajinani, na bakteria waliokazwa humo waliendelea takriban miaka miwili kabla ya nguvu yao kupungua nusu. Kibarua wa namna hiyo haitwi mchovu.

Kuhusu kukataa kitu kigeni, jibu ni la karibu zaidi. Sitagliptini, dawa ya kisukari, ilitengenezwa kwanza kwa rodiamu na hidrojeni yenye mgandamizo mkubwa. Watafiti wakatafuta kimeng'enya cha kuchukua mahali pake, wakaanza na kimoja chenye asili ya bakteria wa jamaa ya Arthrobacter. Hapo mwanzo kilikataa kabisa. Tundu lake lilikuwa dogo kwa molekuli kubwa kama ile. Wakakibadilisha kwa njia ambayo Frances Arnold aliianzisha katika miaka ya 1990 na iliyompatia Tuzo ya Nobel mwaka 2018: kuzigeuza chembe za urithi kidogo kidogo, kuchagua zilizo bora, kuzigeuza tena, na kuchagua tena, kama mkulima achaguavyo mbegu. Matokeo yalitangazwa mwaka 2010. Kimeng'enya kilichopatikana kilikuwa na mabadiliko 27, kilifanya kazi katika mchanganyiko ambao nusu yake ni kiyeyusho, na kilitoa mkono mmoja kwa usafi ambao rodiamu haikuufikia. Mazao yaliongezeka kwa asilimia kati ya 10 na 13, na taka zikapungua kwa asilimia 19. Udhaifu uliotajwa na wakemia ulikuwa wa kweli, lakini ulikuwa udhaifu wa mwanafunzi, si wa kilema. Alifundishwa, akajua.

Haki yataka neno moja zaidi kwa wakemia. Si kila mlango hufunguliwa na bakteria. Ile prazikwanteli ya mtoto wa ziwani imekwisha kupata sura ya mkono mmoja, iitwayo aprazikwanteli, kidonge kidogo kiyeyukacho katika maji kwa ajili ya watoto walio chini ya miaka 6, na majaribio yake makubwa yalifanyika Kenya na Côte d'Ivoire. Mamlaka ya dawa ya Ulaya iliitolea maoni mema Desemba 2023. Na watafiti waliotafuta njia rahisi ya kuitenga mikono ya dawa hiyo walionyesha mwaka 2011 kwamba yawezekana kwa kutumia asidi ya jamaa ya ile ya zabibu, yaani asidi ya Pasteur. Kemia ilitenda, nayo ipewe shukrani yake. Lakini ihesabiwe pia miaka: prazikwanteli ilivumbuliwa katika miaka ya 1970, na mtoto amesubiri hadi miaka ya 2020 kupata kidonge kisicho na nusu ya bure. Haikuwa elimu iliyokosekana muda wote huo. Kilichokosekana ni watu waliomwona mtoto huyo kuwa mteja wa kuharakishiwa.

Hoja ya nne ni ya watu wa siasa na uchumi. Wasema kwamba habari za umkono ni ujanja wa makampuni: dawa ya mikono miwili haki yake ya ulinzi ikikaribia kwisha, huchujwa mkono mmoja, hupewa jina jipya, na huuzwa tena kwa bei ya juu. Hawa wamesema kweli kwa nusu. Esomeprazoli, dawa ya vidonda vya tumbo, ni mkono mmoja wa omeprazoli iliyoitangulia, na wengi wameuliza kama tofauti ya faida ilistahili tofauti ya bei. Tena wapo wanaokosea upande wa pili, wakidai kwamba mkono mmoja ungaliwaokoa watoto wa thalidomidi, zaidi ya 10,000, waliozaliwa na viungo vilivyopungua baada ya dawa hiyo kuuzwa Ujerumani ya Magharibi kuanzia mwaka 1957 mpaka 1961. Madai hayo hayasimami, kwa kuwa thalidomidi hujigeuza mkono ndani ya mwili. Hata mwenye kumeza mkono mmoja ataishia kuwa na yote miwili. Umkono si hirizi. Lakini kutokana na ujanja wa mfanya biashara haipatikani hoja ya kuidharau elimu. Hupatikana hoja ya kuijua vizuri zaidi. Mtu asiyejua tofauti ya mikono hatajua lini ameuziwa faida na lini ameuziwa jina. Daktari, mfamasia na mnunuzi wa serikali wakiwa gizani katika jambo hili, muuzaji ndiye atakayeshika taa, na kila mtu anajua mwenye taa humwangazia mgeni njia ipi.

Inabaki hoja ya mwisho, ambayo haiandikwi lakini hutenda kuliko zote. Ni ile isemayo: kazi hii ni ya matajiri, nchi za Afrika ya Mashariki na zinunue. Hoja hii huvaa joho la unyenyekevu, lakini ndani yake ni uvivu. Nchi hizi zimekwisha kuingia katika biashara ya bakteria, ila zimeingia kwa mlango wa nyuma. Katika maziwa ya magadi ya Bonde la Ufa nchini Kenya wanaishi bakteria wavumilivu wa chumvi na magadi makali. Vimeng'enya vya baadhi yao vilichukuliwa na kutumiwa ng'ambo katika sabuni na katika kulainisha nguo, na Kenya ikaja kudai fungu lake mali ikiwa imekwisha kuuzwa. Sheria ya mataifa iliyokusudiwa kuzuia jambo la namna hiyo ilipitishwa Nagoya mwaka 2010, ikaanza nguvu mwaka 2014. Sheria ni ngao njema. Walakini ngao haimsaidii asiyejua kinachoibiwa. Mtu hawezi kudai fungu la kimeng'enya ambacho hakuwahi kukitenga, kukipima, wala kukipa jina.

Utazamwe pia mwani. Tangu mwaka 1989 wakulima wa Zanzibar, wengi wao wanawake, wamefunga mbegu za mwani kwenye kamba maji yanapokupwa, wakavuna, wakaanika, na kuuza ng'ambo kwa uzito wa gunia. Mwani huo ni wa ukoo wa ile iliyotoa utomvu wa Tanabe. Mwingi wake hutoa karajinani ya namna nyingine, si ile iliyotumiwa na Wajapani hao. Lakini jambo linabaki kwamba bidhaa ya ukoo uliowawekea bakteria nyumba ya miaka miwili huondoka pwani kama nyasi kavu. Mtumai cha nduguye hufa maskini. Na auzaye mbao kisha akanunua mlango, afaa ajiulize kama hana seremala.

Wala si kweli kwamba kazi hii yaanza na mali nyingi. Kiwanda kikubwa chahitaji mali, hilo halikanushiki. Lakini mwanzo wa kazi wahitaji sampuli ya udongo au ya maji, chakula cha bakteria, chombo chenye joto la wastani, na chombo cha kupimia mwanga uliopindwa, ambacho kanuni yake ni ileile ya siku za Biot. Wahitaji daftari la makusanyo ya bakteria, lililotunzwa kwa uaminifu, mwaka hata mwaka. Na zaidi ya yote wahitaji wanafunzi wawili wakae meza moja: mmoja ajuaye molekuli, mwingine ajuaye viumbe.

Hapo ndipo penye kidonda. Katika vyuo vingi idara ya kemia iko jengo moja na idara ya biolojia iko jengo la pili, na kati ya majengo hayo upo uwanja ambao wanafunzi huuvuka kwenda kula tu. Mkemia huhitimu akidhani bakteria ni uchafu unaoharibu kazi yake. Mwanabiolojia huhitimu akidhani molekuli ni michoro ya kukariri kwa mtihani. Kila mmoja amepewa mkono mmoja, na wote wawili hawana habari kwamba ni mikono ya mwili mmoja. Wahenga walinena kwamba mkono mmoja hauchinji ng'ombe. Chuo kinachotoa mikono mitupu ya kushoto upande huu, na mitupu ya kulia upande ule, kisishangae ng'ombe akiwa angali amesimama.

Basi wale wanaosema Kiswahili hakina neno, na wafundishe mwaka mmoja kwa neno umkono, kisha waseme. Wale wanaosema bakteria ni adui, na wahesabu dawa walizomeza. Wale wanaosema ni kibarua dhaifu, na waende wakamwone akiwa amefundishwa. Na wale wanaosema tutanunua, na wakae siku moja ufukoni mwa ziwa, karibu na mama aliyemshika mtoto wake kwa mkono wa kushoto na kidonge kwa mkono wa kulia, wamweleze kwa nini amebebeshwa nusu isiyo dawa kwa miaka hamsini, na ni nani katika vyuo vya nchi yake aliyekuwa akishughulika na jambo hilo.